Kikwembe cha Maman Lucienne

Mume wangu ametundikwa ukutani. Sisemi mafumbo. Ukiingia Kolegi ya Saint-Aldric, shule ya sekondari kule Ixelles, Brussels, ukapita mlango mkubwa na kukata kushoto kuelekea ukumbi wa michezo, utamkuta kati ya kabati la vikombe na mlango wa choo cha wavulana. Ni Sylvestre wa mwaka 1981, mwembamba, nywele tele, amepiga goti moja na mpira wa kikapu uko juu ya goti jingine. Nyuma yake wamesimama wenzake, Wabelgiji watupu, wanacheka. Yeye hacheki. Mwaka huo walichukua kikombe cha shule za Brussels, na tangu hapo kolegi ile haijashika kikombe chochote isipokuwa cha kahawa.

Mimi nimeolewa na picha hiyo, na nalisema hili mapema ili mtu asinishangae nikikasirika mbele ya safari.

Naitwa Gracieuse. Mimi ni mtu wa Uvira, lakini nililelewa na shangazi yangu Kigoma, ng'ambo ya ziwa, ndiyo sababu Kiswahili changu kimenyooka, na cha mume wangu kimejaa bon na donc na alors. Yeye ni wa Bukavu. Tukigombana ananiita Mutanzania, kana kwamba ni tusi, nami namwambia heri Mtanzania kuliko mtu anayesema "batoto" badala ya "watoto".

Mapadri ndio waliomleta Ulaya akiwa kijana, asome. Akasoma, akacheza, akapigwa picha, akarudi Bukavu kufundisha mazoezi ya viungo, akanioa. Tuliishi vizuri mpaka mshahara wa serikali ulipoanza kuja siku ukipenda, halafu ukaacha kuja. Hapo ndipo simu ilipoingia kwa mapadri. Aliyepiga ni Delvigne, nahodha wa timu ile ya 1981, yule anayecheka kuliko wote pale pichani. Sasa yeye ndiye mkurugenzi wa kolegi. Alisema timu imekufa na hakuna wa kuifufua ila Sylvestre. Arudi, awe kocha pale pale alipokuwa mchezaji.

Sasa sikilizeni kosa letu, maana ni kosa la watu wetu hasa. Kwetu kazi mpya lazima inyweshwe. Mtu akipata kazi, ndugu wanakuja, bia inamwagika, mbuzi anachinjwa, na kazi inapewa jina kubwa kuliko ilivyo. Sisi tuliinywesha kabla ya kuiona. Mama mkwe wangu alisimama mbele ya mtaa mzima wa Kadutu akatangaza kwamba mwanawe amechaguliwa kwenda kusimamia kolegi ya wazungu. Watu wakapiga vigelegele. Sylvestre alikuwa amekaa pale na glasi yake, hakusahihisha, na mimi niliyekuwa karibu naye sikusahihisha, kwa sababu nilikuwa na kilemba kipya na nilikuwa najisikia. Mpaka leo kule Bukavu Sylvestre ni mkurugenzi. Kuna mtoto wa jirani aliyepewa jina lake.

Tulifika mwaka 1993, na tukaijua kazi yenyewe. Ukocha haulipwi. Anacholipiwa ni kusimama getini asubuhi, kukaa na wanafunzi saa za kujisomea, na kile ambacho Delvigne alikiita "mawasiliano na familia". Ukocha ni Jumatano mchana na Jumamosi. Halafu kuna kibali. Kibali cha kazi cha Sylvestre si cha Sylvestre, ni cha kolegi. Akiondoka pale hawezi kukichukua akaenda nacho kwingine. Kinakufa, na kadi zetu za kukaa nchini, yake na yangu, zinakifuata kaburini. Tulielezwa hayo ofisini kwa Delvigne, kwa upole sana, juu ya kahawa nzuri. Delvigne akampiga Sylvestre begani akasema, "Usihofu, wewe ni mtu wa nyumba hii." Mume wangu alifurahi. Mimi nilikuwa naangalia mlango.

Kwa upande wangu nilipata kazi Ganshoren, kwenye nyumba ya wazee, na tukapanga vyumba viwili karibu na hapo. Ganshoren ni kimya kiasi kwamba unasikia jirani akikunja gazeti. Wazee wangu wengi ni Waflama, wale Wabelgiji wanaosema Kiholanzi. Kuna bibi mmoja, Madame Irma, anakijua Kifaransa vizuri lakini amekataa kukisema tangu mumewe afe. Kila asubuhi nilimwogesha na kila asubuhi alinifundisha Kiflama kwa hasira: maji ni moto, maji ni baridi, mkono huu, si ule, wewe mwanamke unasikia. Ndani ya mwaka nikawa nakisikia Kiflama chote, hata cha chini ya pumzi. Sylvestre hakukijua hata neno. Enzi zake wanafunzi waliotoka Kongo walisamehewa somo hilo.

Nitasema kweli, mwanzoni alipendeza. Jumatano alirudi na jasho na sauti imekauka, akala kama mtu aliyelima. Na aliyemrudishia ujana hasa alikuwa kijana mmoja, Hénock.

Hénock alikuwa na miaka kumi na sita, mikono mirefu hata shati la shule lilimkomea katikati ya njia. Mama yake, Maman Lucienne, ni mjane kutoka Likasi, anasuka nywele kwenye maduka ya ndani pale Matonge, mtaa wa Wakongo, hatua chache kutoka metro ya Porte de Namur. Mtoto alitaka kuwa injinia wa madaraja. Hesabu zake zilikuwa za kwanza au za pili darasani. Kilichomshinda ni Kiflama, kama kilivyowashinda nusu ya wenzake. Uwanjani sasa, ukimpa mpira unaweza kwenda kununua kahawa, ukirudi umeshaingia kikapuni. Sylvestre alikuwa akimwona anatabasamu peke yake, mpaka namuuliza kama ana mwanamke mwingine.

Jumamosi za mechi Maman Lucienne alikuja na kilemba chake cha kanisani. Alikaa mstari wa mbele, mikono mapajani, hapigi kelele. Mume wangu akipita, anasimama. Yaani mama mzima, mkubwa kwangu, anasimama wima kwa sababu kocha amepita. "Keti, maman," Sylvestre anamwambia. "Hapana, papa," anajibu, "miye niko sawa." Anakaa pale tu Sylvestre anapokaa. Aprili mwaka huu, 1995, timu ilifika fainali. Ilishindwa kwa kikapu kimoja, na Delvigne alilia machozi mbele ya wazazi, akamkumbatia Hénock kama mwanawe.

Ikaja Juni.

Jioni moja nilirudi kazini nikakuta mezani samaki wa kukaushwa, wale wakubwa, wamefungwa kwenye gazeti, na chupa ya mawese kando. Nyumba yote ilinukia kwetu. Nilivua viatu tu, nikaingia jikoni. Nilipika ugali, nikatia pilipili, nikamwita Sylvestre. Alikaa, akanawa, mkono ukabaki juu ya sahani.

"Unangoja nini?" nikamuuliza.

"Sina njaa."

"Tangu lini mtu wa Bukavu akakosa njaa ya samaki?"

Akanawa tena ule mkono ambao haukuwa na kitu. "Ile samaki ilitoka kwa Maman Lucienne," akasema. "Ni aksanti ya Hénock."

Nikamwambia basi vizuri, mwanamke ana adabu zake, mtu aliyekulelea mwanao humwendei mikono mitupu. Nikamega tonge. Ndipo akanieleza, taratibu, akiangalia sahani, na lile tonge nikalirudisha sahanini.

Baraza la walimu lilikuwa limekaa. Hénock alikuwa amefeli somo moja tu, Kiflama. Katika darasa lile lile kulikuwa na Thibaut, mtoto wa daktari wa meno, anayekaa benchi kwenye timu. Naye alifeli Kiflama, kwa alama za chini kuliko za Hénock. Thibaut akapewa nafasi ya kurudia mtihani mwisho wa Agosti. Hénock hakupewa. Yeye aliambiwa amefaulu, lakini si kwa kolegi: aende shule ya ufundi, Anderlecht, akajifunze mabomba.

"Kwa nini?"

"Delvigne anasema batoto ba kwetu beko mingi sana mu ile classe. Bazazi bengine banapiga telefone. Anasema ni juu ya jina ya kolegi."

"Na huyu mtoto ndiye aliyempeleka fainali?"

"Ndiyo."

"Aliyekumbatiwa?"

"Gracieuse, nimesema ndiyo."

Nikamuuliza ni nani aliyempa Maman Lucienne habari hiyo. Akasogeza sahani kando. Kisha akasema, "Miye."

Ndiyo hiyo "mawasiliano na familia". Delvigne huwa anawaita wazazi wa watu wetu, na Sylvestre anawekwa chumbani, kwenye kiti kilicho karibu na mzazi. Maman Lucienne aliingia amekumbatia mkoba wake. Alipomwona Papa Kocha, hofu ikamtoka. Mume wangu akamweleza kwa Kiswahili kwamba ni jambo zuri, kwamba mtoto atapata kazi mapema, kwamba walimu wamemfikiria sana. Maman Lucienne akatia sahihi pale alipoonyeshwa, halafu akamshika Sylvestre mkono kwa mikono yake miwili.

"Ulimwambia kwamba anaweza kukataa? Kwamba mzazi ana haki ya kutaka walimu wakae tena?"

"Hapana."

"Unajua kwamba anayo?"

"Minajua."

Mungu wangu, nilichemka. Nilimwambia yeye ni mwanamume wa picha, kwamba afadhali angebaki Bukavu bila mshahara, kwamba mtoto wa watu anatupwa na yeye ndiye anayemfungulia mlango. Nilisema mengi na ya kuumiza, na sijutii. Alisubiri nimalize. Kisha akasema, bila hasira, "Tutaenda wapi? Kibali iko kwa Delvigne. Nikisema neno moja, tunarudi. Tunarudi na nini? Kule banajua niko directeur. Mama yangu anatembea mu mutaa kama mama wa directeur. Nionyeshe mulango, Mutanzania. Nitapita."

Nikainuka kuondoa sahani, na nikiwa pale karoni nikakumbuka kuku wa Noeli, aliyeletwa na baba mmoja wa Kasai. Nikakumbuka asali. Nikakumbuka yule mama wa Goma na kikapu chake cha maharage ya kwetu, alivyonishukuru mimi pia, mlangoni, nikamwambia karibu tena. Nilikuwa nimevila vyote. Nilidhani mume wangu anapendwa, kumbe nao walikuwa wamepitia ofisi ile ile.

Walimu walikuwa bado kazini mpaka Ijumaa, baada ya hapo ni likizo na hakuna wa kumlalamikia. Alhamisi Sylvestre alipiga moyo konde akaenda kwa Delvigne. Nilimtuma mimi, sifichi. Alirudi mapema. Alisema Delvigne hakukasirika hata kidogo. Alimshika mkono, akatembea naye mpaka kwenye picha, wakasimama wawili pale mbele ya choo. Akasema, "Unaona? Kila mwaka kuna mtu kwenye bodi ananiuliza kwa nini namlipa mtu kutoka Afrika kusimama getini. Nawaonyesha picha hii. Picha hii ndiyo inayokulinda, Sylvestre, picha na mimi." Halafu akamuuliza kuhusu afya yangu.

"Basi," nikasema, "nitaenda mwenyewe."

Hakunizuia. Nadhani alitaka niende.

Ijumaa asubuhi niliomba ruhusa kazini, nikapanda basi, nikashika metro mpaka Porte de Namur. Njia nzima nilipanga maneno. Maman Lucienne alikuwa dukani, mteja yuko kwenye kiti nusu ya kichwa kimesukwa, na wengine wawili wanasubiri wakila karanga. Aliponiona aliacha nywele za watu, akafuta mikono, akanitolea kiti chake mwenyewe.

"Maman Gracieuse! Weye mwenyewe, mpaka hapa?"

Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya Hénock. Nikapunguza sauti, ingawa wale wa karanga walikuwa wameacha kutafuna. Nikamwambia, "Maman, lile jambo la shule, unaweza kulikataa. Leo ndiyo siku ya mwisho. Nenda kolegi sasa hivi, mwambie mkurugenzi unataka walimu wakae tena, unataka mtoto arudie mtihani wa Kiflama Agosti. Ni haki yako."

Aliniangalia. Uso wake ukabadilika, si kwa hasira, kwa haya. "Kukataa?" akasema. "Kitu Papa Sylvestre alisema iko muzuri?"

"Si yeye aliyeamua."

"Lakini yeye njo alisema. Alinisemea mu Kiswahili."

"Najua alisema, maman. Lakini unaweza kukataa."

Akawaza, anakunjakunja kitambaa chake cha kufutia mikono. Nami nikaona kitu kinaingia kichwani mwake, nikadhani ameelewa. Akaniambia nisubiri, akaenda nyuma ya pazia. Nilimsikia akisogeza masanduku. Wale wateja wakanitazama kuanzia viatu mpaka kichwa, nikatazama dari.

Alirudi na kifurushi. Ndani kulikuwa na kikwembe, yaani kitenge, yadi kumi na mbili, kile cha kiholanzi chenyewe, bado kina karatasi yake ya dukani. Rangi ya samawati, na ndege wa manjano. Akakiweka mapajani mwangu.

"Minaomba msamaha," akasema. "Samaki ilikuwa kidogo. Miye nilijua ni kidogo. Muntu anasaidia mutoto yako na unamupa samaki, kama vile muntu wa njiani. Nilikosa heshima. Donc, hii sasa."

Alikuwa ameelewa kwamba nimekuja kudai. Mke wa mkubwa akija mwenyewe mpaka kazini kwako na kuanza kukwambia unaweza kukataa, unaweza kukataa, kwetu hiyo ina maana moja tu: zawadi yako imeonekana ndogo. Hata mimi, kama ningekuwa yeye, ningeelewa hivyo hivyo.

"Hapana, maman. Siyo hivyo kabisa. Sitaki kitu."

"Chukuwa."

"Sikiliza ninachokwambia..."

"Nilikuwa ninaiweka," akasema. "Nilisema, siku Hénock atamaliza kolegi, nitaishona, nitavaa pale mbele ya bantu bote. Sasa ile siku haiko tena. Haiko mbaya, atafanya kazi ya mikono, Papa Sylvestre alisema ni muzuri. Tutaikata mara mbili. Nusu ya weye, nusu ya miye. Tutavaa kama muntu na ndugu yake."

Nilibakiwa na sentensi moja tu ambayo ingemfikia: mume wangu alikudanganya. Nyingine zote zilikuwa zimeshindwa. Ilikuja mpaka kwenye meno. Nikaona wale wateja wanasubiri, na nikaona habari ikitembea Matonge nzima kabla ya saa sita mchana, ikifika kolegi kabla ya saa nane, na Delvigne anatengeneza kahawa ya kutuagia. Nikaona mama mkwe anapita Kadutu na watu wanamgeuzia mgongo. Sentensi ikarudi chini. Maman Lucienne alikuwa tayari ana mkasi, ule ule wa nywele, anapima kitambaa kwa mkono wake.

Nilitoka pale na yadi sita chini ya kwapa. Nilipofika nyumbani Sylvestre alikuwa amekaa kitandani na viatu. Nilimweleza. Alicheka kicheko kimoja kirefu ambacho sitaki kukisikia tena, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka naye. Ijumaa ikaisha hivyo.

Likizo ikapita. Septemba Hénock akaanza Anderlecht. Maman Lucienne nilikutana naye kanisani, sokoni Flagey, kwenye ngazi za metro, na kila mara swali ni lile lile: "Maman Gracieuse, bado haujashona?" Alikuwa ameshona chake tangu Julai, na anasubiri. Kukataa kuvaa kitambaa ulichogawiwa ni kutangaza vita, hilo halihitaji kuelezwa. Nikasema fundi anaumwa. Nikasema nimenenepa. Alinitazama kwa huruma, akadhani sina pesa ya fundi, akaja nyumbani kunipima mwenyewe. Alinishona. Kinanikaa vizuri mno, na hilo linaniudhi zaidi.

Sasa, Jumamosi iliyopita timu ya shule ile ya ufundi ilikuja Saint-Aldric kucheza. Maman Lucienne alinipigia simu Ijumaa: tuvae, wote wawili. Tukavaa. Tukaingia ukumbini ndege wa manjano wawili, tukakaa mstari wa mbele, na watu wakatugeukia wakitabasamu. Delvigne alikuja mwenyewe kutusalimia. Alisema kitambaa chetu kinapendeza sana.

Hénock alikuwa amerefuka tena. Aliingia kutoka kwenye ule ujia, kwa hiyo alikuwa amepita mbele ya picha. Alicheza bila kumtazama mtu. Kila mpira aliougusa uliingia, na kila ulipoingia nilimwona Sylvestre, na filimbi yake shingoni, anataka kupiga makofi na hawezi, kwa sababu yeye ni kocha wa upande ule mwingine. Thibaut alikuwa benchi, nyuma yake, kavaa jezi ya Saint-Aldric. Yuko mwaka wa tano wa sekondari sasa. Alirudia mtihani Agosti, akapita.

Kolegi ilishindwa vibaya. Mchezo ulipokwisha Maman Lucienne alinishika mkono, tukashuka uwanjani. "Lazima mutoto amusalimie Papa Kocha," akasema. Hénock alikuwa anakuja tayari. Alisimama mbele ya mume wangu, akainamisha kichwa, akatoa mikono yote miwili kama alivyolelewa. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwa Kiflama, pole pole, bila kosa hata moja. Julai na Agosti alikuwa amebeba maboksi ya mboga kwa Waflama wa Zellik, nilikuja kuelezwa baadaye. Alisema: "Thibaut alirudia. Mimi pia ningeweza kurudia. Ulijua, bwana kocha. Ulijua, na ulimdanganya mama yangu."

Sylvestre hakuelewa kitu. Aliona mtoto ameinama na ameshika mikono yake, machozi yakamlengalenga. "Aksanti," akasema. "Aksanti sana, mutoto yangu."

Maman Lucienne alikuwa anang'aa. "Kumbe anajua Kiflama! Bananiambia hajui, na anajua!" Akanigeukia, kwa kuwa anajua kazi yangu na wazee wangu. "Maman Gracieuse, weye unasikia. Alisema nini?"

Hénock aliinua kichwa. Hakuwa amejua kwamba kuna mtu pale anayesikia. Alinitazama machoni, akasubiri, na hakuonekana kuogopa. Nadhani alikuwa ananiomba nimwambie mama yake.

"Anashukuru," nikasema. "Anamshukuru papa kwa yote aliyomfanyia."

Hénock akaendelea kunitazama muda kidogo. Kisha akatazama kile kikwembe, changu, halafu cha mama yake. Akaiachia mikono ya Sylvestre, akaenda kuchukua begi lake.

Maman Lucienne alikuwa anajifuta macho. Alinisogelea, akanishika bega, akaninyooshea kitambaa mahali kilipokuwa kimejikunja.